UZI: Bakapu ya seva na hifadhidata za biashara – tuanzie kwenye kurejesha

#1 · fundi_wal (mwenye uzi)

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wale wanaoshika seva za biashara: duka la jumla, SACCOS, zahanati, shule, kampuni ya mabasi. Mifano yangu itakuwa ya hifadhidata ya PostgreSQL. Watu wa MySQL na SQL Server karibuni mjazie chini, maana mitego yao ni tofauti.

Kabla ya amri yoyote, kaa na mwenye biashara umuulize mambo mawili. La kwanza: mfumo ukipotea, kazi ya muda gani mnaweza kuiingiza upya kwa mkono kutoka kwenye risiti na daftari? Ya saa moja? Ya siku nzima? Hiyo ndiyo RPO. La pili: mnaweza kukaa muda gani bila mfumo kabla wateja hawajahamia kwa jirani? Hiyo ni RTO. Akikujibu "sitaki kupoteza chochote na sitaki kusimama hata dakika", mpe gharama yake: seva ya pili, laini ya pili ya intaneti, na mtu wa zamu usiku. Mara nyingi atashuka mwenyewe hadi saa moja ya data na nusu siku ya kusimama. Hapo mna namba ya kufanyia kazi.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyopima bakapu kwa kuangalia kama faili lipo. Tazameni kilichowapata GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Katika GB 300 hivi zilibaki 4.5. Walipokimbilia bakapu za kila siku, hazikuwepo: pg_dump (amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya data) iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila usiku ilikuwa inagoma. Barua pepe za kutoa taarifa ya kosa nazo zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua kwa sababu ya DMARC (kanuni ya kuthibitisha mtumaji), hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (picha ya diski nzima kwa wakati mmoja) iliyochukuliwa saa 6 kabla, tena kwa kazi nyingine kabisa. Data ya hizo saa 6 ilipotea moja kwa moja. Wao wenyewe ndio walioliandika hili hadharani, na kwa hilo nawaheshimu sana.

Sasa kazi. Skripti ya chini kabisa inayokubalika kwa dampu (nakala ya hifadhidata iliyoandikwa kwenye faili) ya kila usiku:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
export PATH=/usr/lib/postgresql/16/bin:/usr/bin:/bin
LEO=$(date +%F)
mountpoint -q /bakapu
exec 9>/bakapu/pg/.kufuli
flock -n 9
pg_dumpall --globals-only > /bakapu/pg/globali-$LEO.sql
pg_dump -Fc -f /bakapu/pg/duka-$LEO.sehemu duka
pg_restore -f /dev/null /bakapu/pg/duka-$LEO.sehemu
mv /bakapu/pg/duka-$LEO.sehemu /bakapu/pg/duka-$LEO.dump
```

Kila mstari upo kwa sababu yake. `pipefail` ni kwa wale wanaopitisha dampu kwenye gzip: bila hiyo, pg_dump ikifa katikati, gzip inamaliza salama, skripti inasema kazi imekwisha, nawe unabaki na faili safi lenye nusu ya data. `mountpoint` inazuia ule mtego wa diski ya nje iliyochomoka: folda ya /bakapu ipo, ila ni tupu, dampu inaandikwa kwenye diski ya mfumo mpaka inajaa na seva inasimama. PATH (orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa) imetajwa wazi ili isiokotwe pg_dump ya toleo la zamani, na pia kwa kuwa cron (ratiba ya Linux ya kuendesha amri) ina PATH fupi sana. `globals-only` inabeba watumiaji na nenosiri zao, ambavyo pg_dump peke yake haivibebi. Jina la `.sehemu` linahakikisha faili lenye jina kamili ni lile tu lililofika mwisho.

Mstari wa `pg_restore -f /dev/null` ndio wengi wanaukosa. Wanatumia `pg_restore -l`, ambayo inasoma orodha iliyo mwanzoni mwa faili tu. Faili lililokatwa katikati linaweza kupita mtihani huo. `-f /dev/null` inalazimika kufungua data yote.

Na ukiweka amri yenye tarehe moja kwa moja kwenye crontab, alama ya `%` iandike `\%`. Kwenye crontab `%` maana yake ni mstari mpya, kwa hiyo amri inakatwa hapo hapo.

#2 · binlog_mwanza

Asante mkuu, umeanza vizuri. Upande wa MySQL na InnoDB (injini yake ya kuhifadhi majedwali):

```
mysqldump --single-transaction --routines --triggers --events \
  --source-data=2 --databases duka | gzip > duka.sql.gz
```

Kwenye matoleo kabla ya 8.0.26 ni `--master-data=2`. `--single-transaction` inakupa picha moja ya data bila kufunga jedwali, ila kwa InnoDB pekee. Kama mfumo ni wa zamani na una majedwali ya MyISAM (injini ya zamani) ndani, hayo yatanakiliwa huku yanaandikwa, na ankara haitalingana na mistari yake. Kagua kwanza:

```
SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables
WHERE table_schema='duka' AND engine<>'InnoDB';
```

Na usiruhusu mtu afanye ALTER TABLE wakati dampu inaendelea. Jedwali husika linaweza kutoka bovu au dampu ikakatika.

Kipimo cha haraka cha dampu iliyofika mwisho: `zcat duka.sql.gz | tail -n 1`. Lazima uone mstari unaoanza na `-- Dump completed`. Usipouona, faili hilo usilihesabu.

Kosa linalowakuta watu siku ya kurejesha ni namba 1449, kwamba mtumiaji aliyetajwa kama DEFINER hayupo. Data imeingia yote, lakini ripoti hazifunguki, kwa sababu vyuu (views) na prosija ziliandikwa kwa jina la mtumiaji ambaye kwenye seva mpya hajatengenezwa. Hamisha watumiaji kwanza. Hili huligundui kwa kuangalia ukubwa wa faili, unaligundua kwa kufungua ripoti.

Binlog (kumbukumbu za kila badiliko la data) ziwe zimewashwa na zinanakiliwa nje ya seva kila baada ya dakika chache. Kwenye 8.0 zinakaa siku 30 kwa kawaida (sekunde 2592000), lakini wengine wanazifupisha hadi siku 1 wakiona diski inajaa, halafu dampu yao ni ya kila wiki. Hapo kuna siku 6 ambazo hakuna njia ya kuzifikia.

#3 · bandari_kuu

Niongeze la RAID na replika, kwa kuwa kila mara kwenye vikao vya bajeti linarudi.

RAID 1 (diski mbili zenye data ile ile) inakuokoa diski moja ikifa. Replika (seva ya pili inayonakili ya kwanza papo hapo) inakuokoa seva nzima ikifa. Hakuna hata moja inayokuokoa na mkono wa mtu. `DELETE` isiyo na `WHERE` inafika kwenye replika kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Kama mna replika, tumieni `recovery_min_apply_delay` kwenye PostgreSQL, au `SOURCE_DELAY` kwenye MySQL, muiweke nyuma kwa saa moja au mbili. Ni msaada mkubwa, ila bado haihesabiwi kama bakapu.

Snapshoti za mashine pepe nazo zina lao. Kama hypervisor (programu inayoendesha mashine pepe) haiongei na hifadhidata kabla ya kupiga snapshoti, unachopata ni sawa na seva iliyozimwa kwa kuchomoa waya. PostgreSQL na InnoDB zinajiponya zikianzia hapo, kwa sharti kwamba diski zote zilipigwa kwa nukta moja. Data ikiwa diski moja na WAL (kumbukumbu za mabadiliko za PostgreSQL) diski nyingine, na snapshoti zimepishana sekunde mbili, hakuna wa kukuhakikishia chochote.

#4 · kebo_na_wingu

Wakuu, tuzungumze namba za mtandao, maana hapa ndipo RTO za watu wengi zinapofia.

Chukua hifadhidata ya GB 180 iliyo kwenye wingu Ulaya, na ofisi yenye laini ya Mbps 20. GB 180 mara 8 ni gigabiti 1,440, yaani megabiti 1,440,000. Gawa kwa 20 kwa sekunde: sekunde 72,000, yaani saa 20 kamili, tena laini ikiwa yako peke yako na haiyumbi. Diski ya nje ya USB 3 inayosoma MB 100 kwa sekunde inamaliza mzigo huo huo kwa dakika 30. Kwa hiyo nakala moja iwe karibu na seva kwa ajili ya kasi, na nakala nyingine iwe mbali kwa ajili ya moto, mafuriko na wezi. Ndiyo kanuni ya 3-2-1 inavyotaka: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja nje ya jengo.

Na "mbali" iwe mbali kweli. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud cha Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo la SBG2 liliteketea lote na la SBG1 kwa sehemu. Kuna wateja ambao bakapu zao zilikuwa kwenye uwanja huo huo. Ukinunua huduma ya bakapu, uliza ipo mji gani na jengo gani, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Kwetu kuna la ziada: kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwa majirani. Mpango wa kurejesha unaotegemea kushusha GB 180 kutoka Frankfurt siku kama ile haupo. Weka nakala ya pili kwenye tawi lingine ndani ya nchi: seva iko Dar, nakala iko Dodoma au Arusha. Hata mashine ndogo yenye diski mbili za TB 4 inatosha.

Halafu fundi_wal, hapa nitakupinga kidogo kabla hujafika kwenye WAL. Kwa duka lenye hifadhidata ya GB 3, kuhifadhi WAL ni mzigo kwa fundi anayekuja mara moja kwa wiki. Dampu ya GB 3 inachukua dakika chache. Ipige kila saa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, mchezo umekwisha.

#5 · fundi_wal

kebo_na_wingu, nakubali kwa GB 3. Kitu chepesi kinachoeleweka na fundi wa kawaida kinashinda kitu kizuri ambacho hakuna wa kukitunza. Lakini hifadhidata ikifika GB 40 au 50, dampu ya kila saa itaanza kuibana seva mchana watu wanapouza. Mpaka wangu ni huu: dampu ikizidi dakika 10, hamia kwenye WAL.

Mpangilio:

```
wal_level = replica
archive_mode = on
archive_timeout = 300
archive_command = 'mountpoint -q /bakapu && test ! -f /bakapu/wal/%f && cp %p /bakapu/wal/%f'
```

Na nakala ya msingi mara moja kwa wiki au kila usiku: `pg_basebackup -D /bakapu/msingi/$LEO -Ft -z -X stream -P`.

`archive_timeout` ya sekunde 300 maana yake huwezi kupoteza zaidi ya dakika 5 hivi. Bei yake ni diski: kila faili la WAL ni MB 16 hata kama lina miamala michache, kwa hiyo siku yenye kazi mfululizo ina mafaili 288 au zaidi, kama GB 4.6 kabla ya kubana. Wenye mfumo mkubwa watumie pgBackRest, inabana, inafuta za zamani na inakagua yenyewe.

Hatari kubwa: `archive_command` ikishindwa, PostgreSQL haifuti WAL. Inazilimbikiza kwenye pg_wal ikisubiri. Diski ya bakapu ikijaa Ijumaa jioni, Jumapili seva yenyewe inajaa na inasimama. Usije ukafuta mafaili ya pg_wal kwa mkono, hapo ndipo watu wanapoiua hifadhidata nzima. Angalia kila siku:

```
SELECT failed_count, last_failed_time, last_archived_time
FROM pg_stat_archiver;
```

Sasa siku ya tukio. Mtu wa stoo ametoa `UPDATE` ya bei bila `WHERE`, bidhaa zote zina bei ya sukari. Anakupigia: "ilikuwa saa nane na dakika thelathini na saba." Tulia hapo. Saa nane yake ni 14:37. Seva ikiwa kwenye UTC, logi inasema 11:37. Na fundi mwenye haraka anaandika 08:37. Nyakati tatu tofauti kwa tukio moja, na ukikosea unarejesha asubuhi badala ya mchana. Tafuta tukio lenyewe kwenye logi, kisha andika muda ukiwa na tofauti yake wazi:

```
restore_command = 'cp /bakapu/wal/%f %p'
recovery_target_time = '2025-03-11 14:36:30+03'
recovery_target_action = 'pause'
archive_mode = off
port = 5433
```

Usirejeshe juu ya seva iliyo hai. Kwenye seva hai toa `SELECT pg_switch_wal();` ili kipande cha mwisho kitoke. Fungua base.tar.gz kwenye folda mpya, na pg_wal.tar.gz ndani ya folda yake ya pg_wal. `chmod 700`, `touch recovery.signal`, washa. Kwenye Debian na Ubuntu kumbuka postgresql.conf na pg_hba.conf zinakaa /etc/postgresql, hazimo kwenye nakala ya msingi, kwa hiyo ziwe na bakapu yao.

Itasoma WAL moja moja hadi muda uliotaja, kisha itasimama na kukuruhusu kusoma tu. Angalia bei tano unazozijua. Kama bado ni mapema mno, izime, sogeza muda mbele, iwashe tena, itaendelea ilipoishia. Ukishaipita ile `UPDATE`, huwezi kurudi nyuma. Unaanza tena na nakala ya msingi. Ndiyo maana lenga nyuma kidogo kwanza.

Na hapa hamna haja ya kuirudisha biashara nzima saa 14:36 na kupoteza mauzo ya baada yake. Chota jedwali moja: `pg_dump -p 5433 -t bidhaa duka`. Liingize kwenye hifadhidata ya pembeni, lihamishie kwenye seva hai kwa jina `bidhaa_kabla`, kisha rekebisha safu ya bei tu kwa kulinganisha namba za bidhaa. Mauzo yanaendelea.

#6 · ngome_ya_usiku

Mmezungumzia makosa na moto. Mimi naleta adui mwenye akili: programu za kudai fidia (ransomware). Huyu akiingia anatafuta bakapu kwanza, kwa sababu anajua mwenye bakapu halipi.

Juni 2014 Code Spaces, kampuni ya kuhifadhi misimbo, ilifungwa baada ya mtu kuingia kwenye paneli yao ya AWS na kufuta mashine pamoja na bakapu. Vyote vilikuwa chini ya akaunti moja. Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya iliifyeka mitambo ya Maersk duniani. Wired waliripoti kwamba kidhibiti kimoja tu cha domeni (seva inayotunza akaunti za mtandao mzima) kilipona, cha ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko wakati shambulio linapita. Seva 4,000 na kompyuta 45,000 zikasimikwa upya ndani ya siku 10. Walikuwa na vidhibiti kama 150 vinavyonakiliana, na kunakiliana huko huko hakukuwasaidia vyote vilipopigwa kwa pamoja.

Vya kufanya, kwa uzito wake:

Seva ya bakapu ivute, isisukumiwe. Seva ya biashara isiwe na nenosiri la kufika kwenye bakapu kabisa. Seva ya bakapu ndiyo iingie, ichukue na iondoke. Ikibidi kusukuma, tumia restic (programu ya bakapu) na rest-server yenye `--append-only`, ili anayeshika seva ya biashara aweze kuongeza lakini asiweze kufuta.

Usiiunge seva ya bakapu kwenye Active Directory (mfumo wa Windows wa akaunti za pamoja) ya kampuni. Msimamizi wa domeni akishaibiwa nenosiri, kila kilichoungwa kimeondoka.

Kwenye hifadhi za wingu za aina ya S3, washa Object Lock kwa hali ya compliance, siku 30. Hapo hata mwenye akaunti hawezi kufuta kabla ya muda. Anza na siku chache kwanza ujue gharama, kwa sababu ukikosea ukaandika siku 3,650 utazilipia zote.

Na diski moja ichomolewe. Diski mbili za USB zinazopishana kila wiki, moja kwenye seva, moja kwenye sefu ya mwenye duka. Waya uliochomolewa hauingiliki kwa mtandao.

Funguo za usimbaji: nenosiri la restic likipotea, data imepotea, hakuna mlango wa nyuma. Lichapishe kwenye karatasi, bahasha mbili, sehemu mbili. Nimelisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanalihifadhi ndani ya seva ile ile inayobakapiwa.

#7 · sql_kariakoo

SQL Server, maana mifumo mingi ya uhasibu na stoo mjini inakaa juu yake, na mingi ni Express (toleo la bure).

Express haina SQL Agent. Ile ratiba unayoiona kwenye mafunzo ya mtandaoni haipo kwako. Andika skripti ya T-SQL, iite kwa `sqlcmd` kupitia Task Scheduler, na kwenye sqlcmd weka `-b` ili kosa lirudishwe kama kosa. Pia hadi toleo la 2022 Express ina kikomo cha GB 10 kwa hifadhidata. Ukikifika, mauzo yanagoma kuingia katikati ya siku. Fuatilia ukubwa.

```
BACKUP DATABASE Duka TO DISK='E:\bakapu\duka.bak' WITH CHECKSUM, INIT;
```

Jina la faili libadilike kila siku, vinginevyo INIT inafuta ya jana kabla ya leo kukamilika. `RESTORE VERIFYONLY` inasaidia, ila haithibitishi kwamba data yenyewe ni nzima. Rejesha kwenye mashine nyingine kisha `DBCC CHECKDB`.

Hifadhidata ikiwa kwenye hali ya FULL na hakuna bakapu ya logi, faili la logi (.ldf) linakua bila kukoma. Nimeona ushauri wa SHRINKFILE kila mahali. Unapunguza leo, kesho limerudi. Ama piga bakapu ya logi kila dakika 15, ama hamia SIMPLE ukijua wazi kwamba umekubali kurudi hadi bakapu kamili ya mwisho tu.

Na fundi wa nje akija kuchukua nakala "ya kuangalia tatizo", atumie `COPY_ONLY`. Bila hiyo, bakapu zako za tofauti (zinazobeba tu yaliyobadilika tangu bakapu kamili) zinazofuata zinajijenga juu ya nakala aliyoondoka nayo kwenye flashi yake. Siku ya kurejesha zinakataa, na msingi wake huna.

Kunakili faili la data (.mdf) kwa njia ya kawaida wakati huduma inafanya kazi haiwezekani, na kusimamisha huduma ili unakili si mpango wa bakapu.

#8 · bandari_kuu

Umeme, kwa kifupi. UPS isiyoongea na seva inakupa dakika 10 za kutazama tu. Unganisha waya wa USB, weka NUT (programu ya kufuatilia UPS), seva ijizime yenyewe betri ikiwa chini. Jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani siku ya mapumziko, ukiwa na bakapu mkononi. Betri za asidi zinachoka mapema kwenye chumba chenye joto, kwa hiyo andika tarehe ya kuzifunga kwa kalamu juu ya boksi.

SSD za bei ya chini zisizo na kinga ya umeme kukatika zinaweza kusema "nimeandika" kabla hazijaandika. Na `fsync = off` (kutosubiri diski ithibitishe imeandika) isiguswe hata kwa kuharakisha. Washa checksum (namba za kuhakiki) za data kwenye PostgreSQL wakati wa initdb (kuanzia toleo la 18 zimewashwa zenyewe). Pg_basebackup itakagua kila ukurasa inaponakili, na utajua diski inaoza kabla haijakuangusha.

#9 · ngome_ya_usiku

Na sheria. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, inayotaka uvujaji uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Diski ya bakapu ya zahanati iliyosahaulika kwenye bodaboda ni uvujaji kama uvujaji mwingine. Kwa hiyo hakuna diski inayotoka nje ya jengo bila kusimbwa, na ukipeleka nakala nje ya nchi, pitia masharti ya kusafirisha taarifa kwanza.

#10 · fundi_wal

Nimalizie zoezi lenyewe, kwa sababu niliahidi kuanzia kwenye kurejesha.

Mara moja kwa mwezi, mashine tupu, na mtu ambaye hakuandika skripti. Mpe karatasi ya maelekezo tu, usimsaidie. Pale anapokwama ndipo karatasi ina kasoro. Irekebishe hapo hapo. Washa saa tangu anapogusa diski hadi mhasibu anapofungua ankara. Muda huo ndio RTO yako halisi. Andika.

Kurejesha dampu: globali kwanza, kisha `pg_restore -j 4 -d duka`, halafu `ANALYZE`. Wengi wanasahau ANALYZE, mfumo unawaka lakini ripoti ya dakika 1 inachukua 20 na mtu anadhani bakapu ni mbovu. Linganisha idadi ya mistari kwenye majedwali matano makubwa na tarehe ya muamala wa mwisho.

Mtego wa mwisho unawakuta hata wazoefu. Ukirejesha nakala ya msingi (si dampu) kwenye mashine yenye toleo tofauti la mfumo, kwa mfano kutoka Debian 9 kwenda 10, mpangilio wa herufi wa glibc (maktaba ya msingi ya Linux) ulibadilika kwenye 2.28. Data ipo, lakini indeksi za maandishi zimejengwa kwa mpangilio wa zamani. Unatafuta mteja kwa jina, hapatikani, na unamwona kabisa kwenye orodha. Mbaya zaidi, anaingizwa mara ya pili kwenye safu isiyoruhusu marudio. Dawa ni `REINDEX DATABASE duka;` kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuingia.

Karatasi ya maelekezo iwe imechapishwa, ikiwa na: mahali pa nakala zote tatu, matoleo kamili ya mfumo na hifadhidata, anwani za IP, mahali zilipo bahasha za funguo, leseni za programu ya uhasibu, na nani anapigiwa simu kwa mpangilio gani. Ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la seva, na nakala yake iwe nyumbani kwa meneja. Mwenye zoezi la mwezi huu atuwekee hapa chini: ukubwa wa data, njia aliyotumia, dakika alizochukua na sehemu aliyokwama.

#11 · binlog_mwanza

Naanza mimi, mashine ya majaribio. MySQL 8.0, dampu ya GB 22 kabla ya kubana. Kuingiza kwa uzi mmoja (thread): saa 2 na dakika 10. Mzigo huo huo kwa `util.dumpInstance` na `util.loadDump` za MySQL Shell, nyuzi 4: dakika 41. Nilikwama kwenye `local_infile`, lazima iwashwe kwenye seva inayopokea kabla ya loadDump. Nimeshaiongeza kwenye karatasi.